Ndoo Tatu Uani

Jumamosi, 2 Novemba

Nilistaafu ualimu mwezi Julai. Leo nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa miaka mingi: kupika mbege mwenyewe, hapa Mabibo, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Mama yangu alipika mbege Marangu maisha yake yote, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kupanga kuni. Alipofariki, ufundi ulibaki kwa shangazi. Nimempigia simu asubuhi. Nimeandaa daftari, kalamu mbili na mizani ya jikoni.

Shangazi ameuliza, "Baba, unapika ya watu wangapi?" Nimemjibu ni ya kwangu, lita tatu zinanitosha. Amenyamaza kidogo, kisha akasema nianze na ulezi, mengine tutaongea.

Nimenunua ulezi kilo 3 na kuuloweka kwenye ndoo ya kwanza. Ulezi ndio roho ya kinywaji hiki. Kwa Kichaga, mbege ni jina la ulezi wenyewe.

Jumapili, 3 Novemba

Nimemwaga maji, nikatandaza ulezi juu ya gunia uani na kuufunika kwa majani ya mgomba. Ulezi ulioloweshwa huchipua kwa siku 2 hadi 4. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira.

Saa kumi jioni kuku wawili wa mama wa chumba cha mbele wameingia chini ya majani. Nilipotoka walikuwa wamekula kama robo. Mama ameomba radhi na kuniazima tenga. Nimefunika ulezi uliobaki kwa tenga hilo.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya vuli imenyesha saa tisa usiku. Nimetoka na turubai, nikafunika tenga na gunia pamoja, nikakandamiza pembe zote kwa matofali. Hakuna tone lililoingia.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefunua turubai. Mizizi midogo myeupe ilikuwa imetoka vizuri pembeni. Katikati palikuwa na ukungu wa kijani na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Ulezi unaochipua unapumua na kutoa joto. Mimi niliunyima hewa kwa siku mbili.

Nilifikiria kuchambua na kubakiza ulio mzima. Nimeamua kutobakiza. Ukungu wa nafaka unaweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Nimeufukia wote kwenye shimo lenye kina cha mkono mzima ili kuku wasiufikie. Hasara: kilo 3 za ulezi na siku tano.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeloweka kilo 3 nyingine. Zamu hii nitautandaza chini ya ukingo wa bati, mvua isipofika na hewa ipite, nami nitaugeuza kwa mkono asubuhi na jioni.

Wakati nasubiri, nimemtengenezea mjukuu wangu kinywaji cha tangawizi, kwa kuwa atakuja wikiendi ijayo. Vipimo: maji lita 4, tangawizi gramu 300 iliyotwangwa, sukari gramu 400, ndimu 4, hamira ya mkate nusu kijiko cha chai. Nimechemsha, nikapoza, nikachuja, nikatia hamira. Nimejaza chupa sita za kioo zenye vizibo vya kuzungusha, nikazifunga kwa nguvu na kuziweka kabatini.

Jumapili, 10 Novemba

Saa nane na dakika ishirini usiku chupa ya kwanza imepasuka. Ya pili imefuata kabla sijavaa viatu. Kijana wa bodaboda, chumba cha nne, amegonga mlango akiwa na tochi, akidhani transfoma ya umeme imelipuka. Hakuna aliyeumia. Vipande vimefika hadi chini ya kitanda.

Tumezifunika chupa nne zilizobaki kwa taulo nene, tukaziweka kwenye ndoo ya barafu kwa saa nzima, kisha nikazifungua moja moja nje, uso nimeugeuza pembeni. Baridi hupunguza mgandamizo kwa sababu gesi huyeyuka zaidi katika maji baridi.

Asubuhi nimepiga hesabu ambayo ilipaswa kufanyika Ijumaa. Hamira ikila sukari hutoa kilevi na hewa ya ukaa karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kama gramu 4, kinatosha kutoa takribani lita moja ya gesi. Gramu 400 zina uwezo wa kutoa zaidi ya lita 100. Niliifungia hamira na chakula cha lita 100 za gesi ndani ya chupa zisizofika lita 5 kwa jumla, katika chumba chenye joto la nyuzi 31.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama lishe wa chumba cha pili amenipa chupa tano za plastiki za maji ya kunywa, safi, na vizibo vyake. Nimetengeneza tangawizi upya. Chupa ya plastiki inasema yenyewe: ukiibonyeza na ikakataa kubonyea, imefikia. Zilifikia baada ya saa kumi na nne. Nimezipeleka kwenye jokofu la mama wa chumba cha mbele, kwa sababu langu ni dogo.

Mchana nimekwenda soko la ndizi, hapa hapa Mabibo, nikanunua chana tatu. Muuzaji alisema zitaiva Jumatano. Nimezifunga kwenye gunia karibu na jiko.

Jumatano, 13 Novemba

Ulezi wa pili umechipua wote bila doa. Umekauka juani kwa siku mbili. Sasa unaitwa kimea.

Tangawizi ilikuwa ya mjukuu. Niliifuata jokofuni jioni, nikaikuta chupa moja. Watoto wa uani waliionja, mama zao wakaionja, na mzee wa chumba cha sita aliyetoka msikitini akaomba nusu kikombe. Kabla hajanywa nimemweleza kwamba ina hamira na kwamba tangawizi ya hamira ikiachwa hupata kilevi. Amerudisha kikombe kwa heshima na kunishukuru kwa kumwambia. Nimeandika daftarini: kinywaji chochote chenye hamira, mnywaji aambiwe kwanza. Ile iliyobaki nimeifungia, watoto nao wasiifikie. Ya mjukuu nitaichemsha kwa tangawizi na ndimu tu, bila hamira.

Ndizi hazijaiva.

Alhamisi, 14 Novemba

Kimea kimesagwa. Nimeamua kujaribu togwa kwanza, kwa sababu inatumia kimea kile kile na makosa yake ni ya gharama ndogo. Nimepika uji wa mahindi, ukachemka vizuri, nikatia kimea gramu 200 ukiwa bado unatokota, ili niwe na hakika ya usafi. Nimesubiri saa mbili. Uji umebaki mzito kama ulivyokuwa.

Mama lishe ameangalia ndani ya sufuria na kusema, "Mwalimu, umekiua." Amesema kweli. Vimeng'enya vya kimea vinaharibika katika moto wa kuchemka. Vinataka uji wa moto wa wastani, na hapo ndipo vinapouvunja wanga. Nilifundisha jambo hili darasani, kwa chaki, na sikulikumbuka nilipokuwa nimeshika mwiko.

Amenionyesha kipimo chake. Unaingiza kidole kwenye uji na kuhesabu. Ukishindwa kufika tatu, ni mapema. Ukifika kumi bila kuumia, tia kimea. Tumepika sufuria ya pili. Baada ya nusu saa uji ulikuwa mwepesi kama maziwa na mtamu bila sukari. Nimeumimina kwenye ndoo ya pili ulale.

Ijumaa, 15 Novemba

Togwa imepata uchachu mdogo wa kupendeza. Nimempelekea mzee wa chumba cha sita bakuli la kwanza, nikamweleza kilichomo: mahindi, ulezi, maji, usiku mmoja. Amekunywa lote. Amenisimulia jinsi mnazi unavyogemwa kwao, Pwani. Yeye hanywi, ila alikulia jirani na wagema. Amesema utomvu wa asubuhi ni mtamu, na kufika jioni umeshakuwa mkali bila mtu kuugusa, kwa kuwa hamira ya hewani na ya kwenye kibuyu inatosha. Mgema aliyekosa wateja mchana hana mali jioni.

Msesewe, ule wa kutia uchungu kwenye mbege, haukufika. Shangazi aliutuma jana kwa basi kutoka Moshi. Nimekwenda Stendi ya Magufuli, Mbezi, nikaambiwa kifurushi kilishushwa Chalinze kimakosa. Kitafika kesho. Nauli ya kwenda na kurudi imepotea.

Jumamosi, 16 Novemba

Msesewe umefika. Ni magome ya mti, ya rangi ya kahawia, machungu kama dawa ya malaria ya zamani. Kazi yake ni ile inayofanywa na hopsi katika bia ya Ulaya: kukata utamu.

Ndizi zimeiva. Nimemenya kilo 2, nikazichemsha na maji lita 3. Ndizi za mbege huchemshwa muda mrefu hadi ziache unjano na kuwa na rangi nyekundu ya kahawia. Saa ya pili gesi imeisha. Duka la jirani halikuwa na mtungi wa ukubwa wangu. Mama lishe amenipa jiko la mkaa lililokuwa bado na moto baada ya kuuza chakula cha mchana. Rangi imekuja saa kumi na mbili jioni.

Nimemimina kwenye ndoo ya tatu, ya lita 20, nikafunika kwa kitambaa safi. Huu ndio mwanzo wa nyalu, maji ya ndizi yanayochachuka kwa siku kadhaa kabla ya kukutanishwa na ulezi.

Jumatatu, 18 Novemba

Kitambaa kimeteleza upande mmoja usiku. Nimekuta vinzi vya matunda kama ishirini juu ya povu. Nimevitoa kwa kijiko na kufunga kitambaa kwa mpira.

Jumatano, 20 Novemba

Nyalu imekuwa siki. Nimeionja mara mbili kuhakikisha. Vinzi hivyo hubeba bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki, na bakteria hao wanahitaji hewa ili wafanye kazi.

Kijana wa bodaboda amesema jamaa yake anajua kuinereka, itoke gongo, isipotee bure. Nimemkatalia. Gongo imekatazwa kisheria, na pombe ya kunereka vichochoroni imeua na kupofusha watu. Nimemweleza pia kwamba siki haina tena kilevi cha maana cha kunereka. Ameelewa. Siki nimeichuja na kumpa mama lishe lita 2 kwa ajili ya kachumbari. Ameionja na kuikubali.

Usiku nimempigia shangazi, nikamsomea daftari lote tangu ukurasa wa kwanza. Amesikiliza hadi mwisho. Kisha ameuliza, "Hizo lita tatu ulizitia kwenye chombo gani?" Nimemwambia ndoo ya lita 20. Amesema, "Umeiweka peke yake kwenye nyumba kubwa. Lazima ingeharibika. Mbege ya mtu mmoja sijawahi kuiona, baba."

Nimekaa na maneno hayo. Ni kweli kwa kipimo: lita tatu ndani ya ndoo pana zina uso mpana na hewa nyingi juu yake, na hewa ndiyo chakula cha siki. Chombo kikijaa, gesi ya hamira hufukuza hewa na kukaa juu kama kifuniko.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepita mlango kwa mlango na kueleza ninachofanya: sitauza, maana kuuza pombe ya kienyeji kunataka leseni. Nitapika lita 20, na kwa wasiokunywa kutakuwa na ndoo ya togwa. Mama wa chumba cha mbele ametoa sufuria kubwa ya shughuli. Mama lishe ametoa mkaa na mwiko mrefu. Kijana wa bodaboda ameahidi kubeba ndizi. Mzee wa chumba cha sita amesema atakaa uani kuangalia kuku.

Jumamosi, 23 Novemba

Ndizi kilo 8 zilizomenywa. Tumechemsha tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, tukipokezana mwiko. Mwiko umevunjika saa tano. Mpangaji wa chumba cha tano, fundi seremala kutoka Iringa, ameuunga kwa misumari miwili na kipande cha mbao. Alipokuwa akiunga ameeleza ulanzi wa kwao, unaogemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa masika. Nao haungoji.

Ndoo imejaa hadi vidole vinne kutoka ukingoni. Kitambaa kimefungwa kwa mpira mara mbili.

Alhamisi, 28 Novemba

Nyalu imetulia na ina harufu ya ndizi na mkate. Hakuna kinzi. Tumeichuja kwa kitambaa. Maji ya bomba yamekatika katikati ya kuosha ndoo, tukatumia maji ya ndoo ya mama wa chumba cha mbele. Nimemrudishia ndoo mbili yalipotoka saa nne usiku.

Ijumaa, 29 Novemba

Leo ni siku ya mso, uji wa kimea cha ulezi. Kimea kilikuwa kimebaki kilo 2. Kwanza nimekikoroga kwenye maji ya moto na kupima kwa kidole hadi kumi, kikakaa saa nzima hadi uji ukawa mtamu. Ndipo nikauchemsha na kuupoza kabisa.

Shangazi alisema msesewe ni kiganja kimoja kwa ndoo. Nimechemsha kiganja kimoja. Maji yake yalikuwa machungu kupita kiasi. Shangazi ana mkono mdogo. Wangu unashika karibu mara mbili ya wake. Kwa bahati nilikuwa nimeyachemsha kwenye sufuria yake pembeni. Nimetia nusu tu, nikaonja, nikaacha. Kisha nimepima msesewe uliobaki na kuandika uzito wa nusu ya kiganja changu: gramu 15. Sasa kiganja cha shangazi kina namba.

Nyalu na mso vimekutanishwa saa kumi na moja jioni. Saa tatu usiku ndoo ilikuwa inavuma taratibu.

Jumamosi, 30 Novemba

Mbege imekuwa tayari asubuhi. Rangi ya udongo, povu jepesi, maganda ya ulezi yakielea juu kama inavyotakiwa. Sikuwa na kata, nimegawa kwa vikombe vya chai. Utamu umetangulia na uchungu ukafuata nyuma yake.

Tumekuwa watu 14, tisa wa mbege na watano wa togwa. Kijana wa bodaboda hakugusa hadi alipoegesha pikipiki saa kumi na mbili na kunipa ufunguo niuweke. Nimempigia shangazi simu ya picha, akaiona ndoo. Amesema, "Aika." Kwa Kichaga ni asante. Kufikia saa mbili usiku imebaki lita moja, niliyoiweka makusudi kwa ajili ya kipimo.

Jumapili, 1 Desemba

Saa moja asubuhi, ile lita moja ilikuwa kali kuliko jana lakini inanyweka. Saa saba mchana uchachu umezidi. Saa kumi na mbili jioni nimeimwaga kwenye mgomba.

Bia ya chupa inakaa miezi kwa sababu imechujwa na kupashwa moto hadi hamira na bakteria wakafa, kwa njia yenye jina la Louis Pasteur, aliyeandika kitabu kizima juu ya bia mwaka 1876. Inaweza kumngoja mtu mmoja hadi apate nafasi. Mbege inanywewa ikiwa hai, na uhai wake ni siku moja, mbili zikizidi. Mkungu mmoja wa ndizi ukiiva, umeiva wote. Ndoo isipojaa, inageuka siki. Ikijaa, hakuna mtu mmoja wa kuimaliza kabla haijaharibika. Shangazi aliniuliza swali la watu wangapi siku ya kwanza, kabla ya kutaja ulezi, na nililijibu vibaya. Kuku, ukungu na vinzi ningeweza kuvizuia kwa tenga na kitambaa. Kosa lililonigharimu mwezi mzima lilikuwa kwenye jibu lile.

Vipimo vya lita 20, vilivyothibitika: ndizi mbivu zilizomenywa kilo 8, kimea cha ulezi kilo 2, msesewe gramu 15, siku tano za nyalu, usiku mmoja wa mwisho. Tutapika tena Jumamosi ya tarehe 21 Desemba, na mjukuu wangu atakuwepo kunywa togwa.

Anayetaka kuanza kupika mbege nyumbani, ahesabu watu kwanza, ndipo apime ulezi.